Ofisi ya vioo inachemka na bili haishuki: kagua jengo kabla hujanunua AC nyingine

Ghorofa za ofisi zinazopanda Dar siku hizi karibu zote zinauzwa kwa sifa ya kuokoa umeme, vioo viwili viwili, taa za LED, sensa kila kona, sola juu ya paa, halafu baada ya muda unakuta wapangaji wanaleta feni zao kutoka nyumbani na mhasibu anauliza mbona bili iko palepale au imezidi. Jibu la haraka linakuwa ni kuongeza AC. Wakuu, ngojeni kwanza. Kesi nyingi za "AC imeshindwa" ukizifuatilia unakuta AC ni nzima, jengo ndo linaipa kazi isiyobebeka, na ukiongeza mashine bila kujua joto linaingilia wapi umejifunga kulipia umeme wa ziada kwa miaka yote ambayo hiyo mashine itaishi.

Kabla hujaanza tafuta vitu vichache. Kipimajoto chenye kuonyesha na unyevu, vya bei nafuu vipo Kariakoo. Kipimajoto cha kulenga kama bunduki, ila uchukue kile cha mafundi, sio cha kupima watu homa kama vile vya wakati wa korona maana vile vingi vinaishia karibu nyuzi 42 na kioo cha mchana kinapita hapo. Kipimo cha hewa ya ukaa (CO2, ile tunayoitoa tukipumua) kama unaweza kuazima. Bili za miezi 12. Dira ya simu. Na kabla ya vyote, nenda ukaongee na dada wa usafi, yeye ndo anajua ni dari ipi inadondosha maji na chumba kipi kinanuka asubuhi kikifunguliwa, injinia hajui.

Upande mmoja hapakaliki kuanzia saa tisa mchana

Hii ndo dalili kubwa kuliko zote kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Watu wa upande mmoja wanalalamika joto, wa upande wa pili wamevaa masweta, themostati iko katikati na inasema nyuzi 23.

Washa dira usimame dirishani. Kama ukuta wa kioo unatazama magharibi, jibu unalo tayari. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko juu sana mwaka mzima, mwezi wa 6 linapita upande wa kaskazini na mwezi wa 12 linapita upande wa kusini, na kwa kuwa liko juu hivyo kibaraza kifupi tu cha zege juu ya dirisha kinatosha kulizuia. Mashariki na magharibi ni habari nyingine. Jua la asubuhi na la jioni liko chini, linakuja mlalo, linapita chini ya kibaraza chochote na kuingia hadi kwenye meza. Mchoraji aliyegeuza uso mrefu wa jengo uangalie magharibi, pengine kwa sababu barabara kubwa iko huko, au mwenye jengo alitaka lionekane, amekuachia mzigo ambao hakuna AC itakayoumaliza kwa bei ya kistaarabu.

Fanya hesabu na wewe uone. Chukua ofisi moja yenye kioo cha upana wa mita 8 na kimo cha mita 2.5, hizo ni mita za mraba 20. Saa kumi jioni mbingu ikiwa nyeupe, kila mita ya ukuta wa magharibi inapokea wati 600 hivi za jua. Kioo cheupe cha kawaida kinapitisha kama asilimia 80 ya hizo. Yaani ndani ya hiyo ofisi moja umewasha hita ya kilowati 9 na nusu. AC ya BTU 12,000 inabeba joto la kilowati 3.5, maana yake karibu AC tatu nzima zinafanya kazi ya kutoa jua tu, hujaweka mtu hata mmoja wala kompyuta.

Hapo ndo linakuja lile swali la "lakini vioo vyetu ni vya tabaka mbili". Sawa, ila tabaka mbili zilibuniwa kwa nchi za baridi, kuzuia joto la ndani lisitoroke nje wakati nje kuna barafu. Kwetu tofauti ya ndani na nje ni nyuzi 8 tu, joto linalopenya kioo cha tabaka moja kwa sababu ya hiyo tofauti halifiki hata kilowati 1 kwa zile mita 20. Adui yetu ni jua lenyewe, na kioo cha tabaka mbili kisicho na utando maalumu wa kurudisha jua bado kinaliachia asilimia 70 hivi. Utando ndo wa kuulizia, mwambie muuzaji akuonyeshe kwenye karatasi ya kiwandani namba ya kiasi cha joto la jua kinachopita, ikiwa 0.3 au chini yake kioo ni kizuri kwa Dar, ikiwa 0.7 umelipia sura.

Kupima: saa kumi jioni lenga kipimajoto cha bunduki kwenye uso wa ndani wa kioo. Ukiona nyuzi 40 na kuendelea wakati hewa ya chumba ni 24, mtu aliyekaa hapo anaunguzwa na mnururisho wa kioo na kushusha AC mpaka 16 hakumsaidii, kunawagandisha wenzake tu.

Dawa kwa mpangilio wa nguvu zake. Ya kwanza ni kivuli cha nje, mapezi ya wima ya aluminiamu, matofali ya matundu, wavu wa chuma, hata miti kwa ghorofa za chini, kwa sababu jua likizuiwa nje joto linabaki nje. Ya pili ni karatasi ya kubandika kwenye kioo, inasaidia, ila uliza kwanza kama kioo chako kinaihimili, karatasi nyeusi inayonyonya joto inaweza kupasua kioo cha tabaka mbili. Ya tatu ni mapazia ya ndani, na hapa watu wanajidanganya sana, pazia la ndani linapunguza mwanga wa kuumiza macho lakini joto limeshaingia ndani, litabaki kati ya pazia na kioo halafu litapanda juu kukufuata. Pazia jeupe afadhali kuliko la kijivu. Na kama hakuna hela kabisa, hamisha mpangilio, weka korido, makabati, chumba cha fotokopi na ngazi upande wa magharibi, watu wakae kaskazini na kusini. Hii haigharimu kitu zaidi ya jasho la wikiendi moja na inashangaza inavyotuliza kelele.

Chumba ni baridi lakini mwili unanata, na kuna harufu ya ukungu

Themostati inasema 21, mikono ina baridi, lakini karatasi zinalegea, viatu vya ngozi kwenye kabati vinaota weupe, na pale hewa inapotokea darini kunadondosha maji kwenye kompyuta ya mtu. Mtu wa AC akija anaongeza gesi anaondoka.

Shida hapa ni unyevu, sio joto. Hewa ya Dar ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 inaanza kugeuka maji ikigusa kitu chochote cha nyuzi 26 kushuka chini. Kwa hiyo ukipoza jengo mpaka 20 halafu ukaruhusu hewa ya nje iingie ovyo, kila kitu ndani kinakuwa chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Sababu ya kwanza ambayo wengi hawaiamini ni kwamba AC ni kubwa mno. Mashine kubwa ya kizamani ya kuwaka na kuzima inashusha joto kwa dakika tano, inazima, feni inaendelea kuzunguka na kupuliza maji yaliyobaki kwenye koili, yale mabomba ya baridi ndani ya AC, yarudi chumbani. Kukausha hewa kunahitaji koili ikae baridi kwa muda mrefu, mashine ndogo inayofanya kazi mfululizo inakausha vizuri kuliko kubwa inayoruka ruka. Simama na saa mkononi karibu na kompresa, ikiwa inawaka na kuzima kila baada ya dakika chache mchana wa joto, jibu ni hilo. Kama ni mashine ya inveta inayojipunguza yenyewe tatizo hili ni dogo ila halijaisha kabisa.

Ya pili, hewa inavuja. Mlango wa mapokezi uko wazi kutwa, lifti inavuta hewa kutoka maegesho ya chini, juu ya dari ya jipsamu ukuta haukuzibwa mpaka kwenye zege. Chukua kipande cha tishu ukishike kwenye ukingo wa mlango na kwenye taa za darini, ukiona kinapepea kuingia ndani umekamata. Kama jengo zima linavuta hewa kuingia, kagua feni za vyoo, mara nyingi zinatoa hewa nyingi kuliko ile inayoingizwa na mfumo, na jengo linajazia pengo kwa kunyonya unyevu wa nje kupitia kila tundu.

Ya tatu ni bomba za maji baridi zilizovuliwa koti. Fundi alifungua kurekebisha valvu, hakurudisha sponji, sasa bomba linatoka jasho juu ya dari na jipsamu inaoza taratibu. Hapo dada wa usafi ndo mwenye ramani.

Weka AC 24 mpaka 26, angalia unyevu ubaki chini ya asilimia 60. Ukungu ukiendelea kwa unyevu huo basi kuna maji halisi yanavuja mahali, paa au bomba, tafuta hilo.

Watu wanasinzia saa nane mchana, vichwa vinauma

Wengi wanalaumu wali wa mchana. Pima hewa. Nje hewa ya ukaa iko kidogo juu ya sehemu 420 kwa kila milioni, ndani ya ofisi nzuri iwe chini ya 1,000, na ukikuta chumba cha mikutano kimefika 2,000 baada ya saa moja ya kikao usishangae maamuzi yanayotoka humo.

Kitu ambacho hata mabosi wengi hawakijui ni kwamba ile AC ya ukutani haileti hewa mpya hata kidogo, inazungusha hewa ileile ya ndani. Majengo haya madirisha hayafunguki, kwa hiyo hewa mpya inategemea feni maalumu iliyofichwa juu ya paa au kwenye chumba cha mitambo, na hiyo feni ndo ya kwanza kuzimwa mtu akiambiwa apunguze bili. Panda juu ukaangalie. Utakuta imezimwa, au inazunguka lakini filta imeziba vumbi mpaka imekuwa blanketi, au mkanda umekatika na mota inajizungukia peke yake. Bei ya filta ni ndogo sana ukilinganisha na mishahara ya ghorofa nzima ya watu waliosinzia, hili naliandika kwa uchungu kabisa kwa sababu watu wanaumwa kweli.

Ila usifungue hewa mpya kwa Dar bila kuipitisha kwenye koili ya kuikausha kwanza, vinginevyo unarudi kwenye tatizo la juu. Kama mtajenga upya huo mfumo ombeni ule unaobadilishana joto na unyevu kati ya hewa inayotoka na inayoingia, hapo unapata hewa safi bila kulipia ubaridi wote upya.

Jengo lote ni kioo lakini taa zinawaka mchana kutwa

Sababu ni fupi. Mwanga wa jua unaumiza macho na kung'aa kwenye skrini, watu wanateremsha blaindi saa mbili asubuhi, wanawasha taa, na blaindi hazipandi tena mpaka mwaka unaisha. Kioo kutoka sakafuni hadi darini hakileti mwanga mzuri zaidi, sehemu iliyo chini ya usawa wa meza inaangazia miguu tu na kuingiza joto. Ziba hiyo ya chini kwa ubao au karatasi isiyopitisha jua, gawa blaindi vipande viwili ili cha juu kibaki wazi muda wote, na paka dari rangi nyeupe. Sensa za taa nazo zikague, nyingi zimefungwa zikitazama korido badala ya meza.

Bili haishuki hata ofisi zikiwa zimefungwa

Nenda ukasome mita Jumamosi saa tatu usiku, usome tena Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Gawa uniti kwa masaa. Hicho ndo jengo linachokula likiwa limelala, na ukikuta linakula theluthi ya matumizi ya mchana kuna watu wanakuibia, na hao watu ni mashine zako mwenyewe. Zima breka moja moja ukiangalia mita: chumba cha seva kilichowekwa nyuzi 17 wakati seva za kisasa zinafanya kazi vizuri kwenye 25, pampu za maji zinazojiwasha kwa sababu kuna boya la tangi limekwama, mashine za maji ya kunywa zinazochemsha na kupoza usiku kucha. Na mkosaji mkuu, ratiba ya mfumo wa kompyuta unaoendesha jengo. Siku moja kulikuwa na kikao cha usiku, mtu akabonyeza AC ziwake kwa nguvu, hakuna aliyerudisha, zimekuwa zinawaka tangu siku hiyo. Mfumo wa mamilioni unashindwa na kidole kimoja.

Kama jengo lako liko kwenye T2 ya TANESCO, yaani wale wanaopita uniti 7,500 kwa mwezi, angalia na mstari wa kVA kwenye bili. Pale hulipii tu ulichotumia, unalipia pia kilele kikubwa kuliko vyote vya mwezi huo. Umeme ukikatika ukarudi, AC zote, lifti na pampu zinawaka kwa mpigo, kilele kinaruka, umelipia mwezi mzima. Panga ziwake kwa zamu. Muulize na fundi umeme kuhusu zile kapasita za kurekebisha pawafakta, yaani sehemu ya umeme unaovuta ambayo inafanya kazi kweli, zikifa hakuna taa inayozimika wala kelele, bili tu ndo inapanda.

Tumefunga sola lakini haionekani kwenye bili

Kagua vumbi, kagua kivuli cha matangi ya maji na cha ghorofa la jirani lililopanda baadaye, kagua kama inveta ya sola haijazima yenyewe. Vikiwa sawa vyote, basi labda hakuna kilichoharibika, ni hesabu tu ya paa. Ghorofa 20 zenye mita za mraba 800 kila moja zina eneo la mita 16,000 za kupoza na kuangaza, lakini paa ni lile moja la mita 800, na bado nusu yake imeshikwa na mitambo ya AC. Jengo refu haliwezi kujilisha kwa jua la paa lake, litapunguza asilimia chache na ndo mwisho. Ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri Nairobi, zilizofunguliwa 2011, ziliweza kulenga kuzalisha umeme zinaoutumia kwa sababu ni majengo mapana na mafupi yenye paneli kama mita za mraba 6,000, hewa inapita yenyewe katikati, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari kwa hiyo hawahitaji kupoza kama sisi. Mtu akikuonyesha picha za Gigiri kukuuzia kitu cha Posta muulize idadi ya ghorofa na joto la usiku.

Jengo lilichorwa lijipoze lenyewe na halijipozi

Hili linatokana na kuiga. Eastgate ya Harare, iliyochorwa na Mick Pearce na kufunguliwa 1996, ni jengo la kuheshimu sana, feni zinavuta hewa baridi ya usiku kupitia sakafu za zege, zege linapoa, kesho yake linanyonya joto la watu, na madirisha ni madogo yenye kivuli. Inafanya kazi kwa sababu Harare iko juu, karibu mita 1,500, na usiku kunapoa kweli. Dar mwezi wa 2 usiku unabaki kwenye nyuzi 25 na unyevu juu, kwa hiyo ukivuta hewa ya usiku kwenye zege unavuta unyevu na asubuhi sakafu inateleza. Kipimo ni rahisi, andika joto la mchana na la alfajiri kwa wiki moja, tofauti ikiwa chini ya nyuzi 10 achana na huo mpango, zima hizo feni za usiku.

Kwa pwani kinachopoza mtu ni kivuli na upepo. Kaskazi na kusi zinajulikana zinatoka wapi na miezi ipi, kwa hiyo ngazi, korido, kantini na mapokezi viachiwe upepo vikae bila AC. Soko la Kariakoo, mchoro wa Beda Amuli wa miaka ya 1970, lile lilikuwa na miavuli mikubwa ya zege juu inayotoa kivuli na kuacha hewa ipite chini yake, na halikuhitaji kompyuta yoyote. Kwenye ofisi zenyewe funga feni za darini pamoja na AC, hewa ikitembea mtu anaridhika na nyuzi 27 kama vile alivyoridhika na 24 iliyotulia, na kila nyuzi unayopandisha kwenye themostati inaonekana kwenye mita.

Ukishapita kote huko na bado chumba kinashindwa, sasa ita injinia. Mwambie apige hesabu ya mzigo wa joto chumba kwa chumba, aandike kila kioo kinatazama wapi, kina kivuli gani, watu wangapi wanakaa na saa ngapi. Akipima urefu na upana wa chumba halafu akakutajia BTU palepale mlangoni, mshukuru kwa muda wake na utafute mwingine.